Majivu Yangu, Pembe Yake

Sikilizeni wanangu. Na wewe mwashi, acha kuukagua huo ukuta. Ufa huo ulikuwepo kabla hujazaliwa na nyumba haijaanguka, kaa chini unisikilize. Mwokaji wangu, endelea kupepea jiko, lakini taratibu, sitaki moto wa mikate, nataka makaa ya kutosha tu hicho chungu cha majivu kipate joto mpaka chini, ili nikimaliza maneno yangu nacho kiwe tayari. Kitinda mimba, wewe kaa hapo miguuni pangu nikuone, na hiyo shali mpya ivue mabegani, mgongo wako una chale mbichi za jana na chale mbichi hazipendi kufunikwa. Mlango uacheni wazi nusu. Huyo aliyekaa kwenye benchi la barazani chini ya mwavuli wake mweusi tangu asubuhi, nataka asikie kila neno, maana nusu ya wosia huu ni yake. Ila mstari wa majivu uliopo kizingitini msiuguse mpaka nitakapowaambia, hata akiomba maji, hata akiwaita kwa sauti ile yake tamu. Ni mjomba wenu, najua. Ni mdogo wangu wa tumbo moja, hilo nalijua kuliko nyinyi.

Tuanze na vitu, maana vitu havichoshi. Nyumba ni ya mwashi, kwa kuwa ndiye peke yake anayeupenda ufa wake. Chumba cha uani pamoja na tanuri ni vya mwokaji, na asije mtu akasema tanuri ni sehemu ya nyumba. Lilijengwa kwa ajili yake na moshi wake nimeumeza mimi. Ngazi iliyoegemea ukuta wa nyuma si yetu, ni ya jirani mtengeneza mapipa, mrudishieni, na mumwambie kwamba lile neno alilosema mbele za watu kuhusu mchuzi wangu nimemsamehe. Au msimwambie lolote, akae na wasiwasi wake. Chungu cha majivu ni cha kitinda mimba. Naona mnavyotazamana. Mnasema moyoni, mama anakata roho na bado anampendelea yule yule. Subirini. Kijiba cha roho nakijua kuliko mnavyokijua, nimelala nacho kitanda kimoja tangu utotoni, na leo nataka niwaambie kilianzia wapi na nani mwingine aliyekilisha.

Babu yenu alikuwa muumikaji, kama mimi, na kama mama yake kabla yake. Kazi yetu mnaijua: mtu anakuja na mgongo mzito au kichwa kinachogonga, unamchanja chale ndogo kwa wembe, unamwekea pembe, unanyonya hewa kwa kitundu cha juu, unaziba kwa nta, unaiacha pembe ivute damu mbovu. Damu inayokujia mdomoni unaitema kwenye beseni, unasukutua kwa maji ya chumvi, na hilo halina mjadala. Kisha unamfunga, yaani unachota majivu ya moto kutoka kwenye chungu, unayaweka juu ya chale na kubonyeza kwa kiganja mpaka damu ijue kwamba njia imefungwa. Aliyekufungua ndiye akufunge, hiyo ndiyo sheria, na akifa kabla, anayerithi chungu chake amerithi mkono wake. Mgonjwa tunamfunga kwa majivu ya vuguvugu aende zake nyumbani. Lakini anayejifunza kazi hufunguliwa na mwalimu wake kwa chale ndefu, akalala nazo wazi ili ajue anachowafanyia watu, na kesho yake hufungwa kwa majivu yanayounguza, na kovu lile ndilo cheti chake.

Tulizaliwa wawili. Mji wetu una miezi miwili, na tangu zamani mwezi mkubwa hutangulia kuchomoza bila mtu wa kuutazama, halafu mdogo unapofuata watu wanatoa viti nje. Nilipokuwa mtoto nilidhani wanafanya hivyo makusudi ili kunikera, maana nyumbani ilikuwa vile vile. Mdogo wangu alipozaliwa baba alimwita Mboni, mboni ya jicho lake, na mimi niliyetangulia, niliyekuwa nimeshajua kunoa wembe na kuyeyusha nta, aliniita Jiwe. Mboni akikohoa, baba anamwacha mgonjwa na pembe mgongoni anakwenda kumsikiliza kifua. Mimi niliugua homa nikawa naongea na kuta, nikapona, na neno la kwanza baba alilonipa ni mbona beseni halijaoshwa.

Siku yangu ya kufungwa baba alichota majivu yakiwa bado mekundu kwa ndani, akanibonyeza mgongoni, nami nikauma mkanda wa mkoba wake wa kazi, ule pale msumarini, alama za meno yangu zipo mpaka leo. Sikulia. Nilidhani nisipolia atanipenda. Akasema, "Jiwe kweli," akanawa mikono, akaenda kula.

Zamu ya Mboni ilipofika, baba alimfungua, na mtoto akapiga kelele watu wa mtaani wakasimama. Kesho yake chungu kikapashwa moto kama hiki. Mboni akayaona majivu, midomo ikaanza kumcheza, machozi yakamtoka bila sauti, na baba, mtu aliyechanja migongo ya askari na wachinjaji bila kupepesa jicho, akarudisha mkono nyuma. Akasema, "Tutamfunga kesho." Bibi yangu alikuwa amekaa pale dirishani anachambua nta, akamwambia, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Baba akacheka. Kesho ikazaa kesho nyingine. Mboni akapewa asali alambe, akavalishwa shati, akaenda kucheza na mgongo wake ulio wazi.

Mgongo ule nauonea wivu mpaka leo. Sisemi nilikosea, sisemi najuta, nasema nauonea wivu. Ulikuwa laini kama unga uliokwisha kukandwa, na zile chale nyembamba juu yake hata hazikumharibu. Kila nilipoinama na kovu langu likanivuta ngozi, nilikumbuka kwamba katika nyumba hii hii kuna mtu ambaye machozi yake yalimshinda baba, na mtu huyo si mimi.

Aliyekuwa akifua nguo ni mimi, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona kwanza. Kila shati la Mboni lilikuwa na doa mgongoni, dogo, bichi, la kila siku. Na njaa yake haikuwa ya mtoto. Alimaliza sahani yake, akamalizia yangu, na uso ukabaki umepauka vile vile, kwa sababu kilichoingia kwa mdomo kilitokea mgongoni. Basi siku moja tulikuwa kazini sote, akaja mwuza mafuta wa kona ya pili, baba akamwambia Mboni amnyonyee pembe, naye akanyonya, na mimi nikaona koo lake linapanda na kushuka. Hakutema. Nilichungulia beseni, lilikuwa kavu. Nikamwambia baba. Baba akasema, "Wivu utakuja kukuua wewe." Umechukua muda wake, lakini siwezi kusema baba alikosea sana.

Mboni akapangusa midomo, akamwinamia yule mwuza mafuta, akamwambia kwa upole kabisa, "Mume wa yule mama anarudi safari wiki hii. Usiende tena." Yule mtu alitoka akasahau kofia yake. Na nilipofua shati la Mboni siku ile, halikuwa na doa.

Ndivyo alivyozaliwa mnyonya damu wa mji huu, wanangu. Nawasikia watu wakisema alitoka kaburini, wengine wanasema alinyonyeshwa na popo. Alitoka chumba hicho cha mbele, mchana kweupe, kwa baba aliyeogopa machozi ya mtoto. Damu ya mtu ikipita kooni mwake ilikuwa inamwambia yote aliyoyajua mwenyewe, na ilimkausha mgongo kwa muda, na baba alipoona mwanawe amepata rangi usoni akasema hiki ni kipaji, akamketisha kiti cha mbele. Kiti cha mbele kilikuwa changu.

Uchawi nao aliupata humo humo. Zamani hizo wachawi walikuwa na mnara wao kule kilimani, na walisomea, miaka nenda miaka rudi, kukariri majina ya pepo na kufukiza vitu vinavyonuka. Mkuu wao alikuwa na kiuno kibovu kwa kukalia kiti cha jiwe. Akaletwa kwetu. Baba akampa Mboni heshima hiyo, si mimi niliyekuwa na pumzi ndefu kuliko wote wawili, na Mboni akameza. Kile ambacho mzee wa watu alikisomea ujana wake wote, mdogo wangu alikimeza kabla ya chakula cha mchana. Akainuka pale anajua kuzima taa bila kupuliza na kumwita ndege kwa jina lake. Nilishikwa na hasira mpaka kijiko hakipandi mdomoni, maana mimi wembe tu ulinichukua miaka kuujua, na vidole vyangu ni mashahidi.

Na msidhani aliuteka mnara kwa ngurumo na radi. Sikilizeni ujanja wake, mjue cha kuogopa: hajapata kusema uongo hata siku moja. Alichukua ukweli wa mtu mmoja akauweka sikioni mwa mwenzake, basi. Alimwambia naibu kwamba mkuu anamwona mjinga, na ilikuwa kweli. Alimwambia mkuu kwamba naibu hukijaribu kiti chake akiwa hayupo, na ilikuwa kweli. Kila mchawi alipewa ukweli wake wa kumwonea mwenzake wivu, wakarogana wao kwa wao, mpaka mnara ukabaki na mfagizi peke yake, na huyo mfagizi ndiye aliyemfungulia Mboni lango. Kisha Mtawala wa mji akapata mshauri mpya, kijana, mpole, anayejua kila mtu anawaza nini, na watu wa mji wakaanza kuitwa kilimani kwa zamu ili wasafishwe damu. Walipanda wakiwa majirani, wakashuka wamepauka wanatazamana kwa pembe ya jicho. Mwulizeni kaka yenu amejenga kuta ngapi za kugawa nyumba za ndugu wawili. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Cha kwetu nilikuwa nakifua, nakianika, nakipiga pasi.

Na baba? Baba alimpa mgongo wake mwenyewe. Kila Mboni aliposhuka kutoka mnarani na shati lake bichi, baba alivua nguo akainama, akisema mtoto ana njaa. Akakonda mpaka nilikuwa namgeuza kitandani kwa mkono mmoja. Siku yake ya mwisho alilala hapa nilipolala mimi, akatuita, akatugawia. "Pembe ni ya mboni yangu," akasema. "Majivu ni ya Jiwe." Ile pembe nyeusi ya wazee, iliyopita midomoni mwa vizazi vyetu vyote, akavalishwa yeye shingoni, na mimi nikakabidhiwa uchafu wa jikoni. Nililia siku ile, watu wakadhani nalia msiba. Bibi, ambaye wakati huo alikuwa haoni hata mlango, akanipapasa akanishika mkono. "Mjinga wewe," akasema, "pembe hufungua, majivu hufunga. Yeye kampa anachokitaka. Wewe kakupa mkono wake." Nilimsikia. Sikuridhika. Nani anaridhika na majivu?

Mboni alilielewa jambo hilo haraka kuliko mimi. Mwenye chungu hiki akimbonyeza mgongoni hata mara moja, njia inafungwa, anakuwa mtu kama watu, na umri wake wote aliouruka unamfikia kwa pamoja. Basi amekihangaikia chungu hiki kwa kila hila. Alileta mvua iliyonyesha juu ya paa letu peke yake, mtaa mzima mkavu, ili majivu yalowe. Alimtuma kijana mzuri aje anichumbie halafu akiibe. Huyo ndiye baba yenu, Muumba amlaze pema, alikuja, akala, akasahau alichotumwa. Hila zikamwishia, akaamua kungoja nife. Na kungoja kwake si kazi, maana yeye hazeeki. Nimekunjamana, meno yamenihama, naye ana ngozi ile ile ya asali. Mara ya mwisho aliponisindikiza sokoni na mwavuli wake, muuza vitunguu aliniambia, "Bibi, mjukuu wako ana adabu." Mboni akainama akasema asante. Sijasahau ile asante.

Lakini kuna neno sijapata kumwambia mtu. Mwaka tuliomzika baba yenu, Mboni alikuja akasimama nje ya mstari wa majivu, asioweza kuuvuka, akaniomba nimwonyeshe kovu langu. Pengine ilikuwa hila, naye kila kitu ni hila. Nikamgeuzia mgongo nikashusha nguo begani. Akasema, "Dada, mimi alinihurumia tu. Wewe alikuheshimu." Nikafunga mlango. Nilifurahi mno, sikutaka aone. Neno lile nimelimung'unya peke yangu miaka yote hii, nikizidiwa na kazi nalitoa, nalimung'unya, nalirudisha. Kumbe mimi nauonea wivu mgongo wake, yeye analionea wivu kovu langu, na mtu aliyetupa vyote viwili amelala zake udongoni hajui.

Nipeni maji. Kidogo tu, yanakwama. Pepea, mama, pepea, moto usilale.

Kitinda mimba, sasa ni wewe. Kaka yako aliogopa wembe, dada yako alichagua unga, hakuna kati yao aliyefunguliwa, ndiyo maana hakuna wa kufungwa. Aliyeitaka kazi hii ni wewe. Jana nimekufungua kwa mkono huu unaotetemeka, na leo asubuhi mjomba wako kaja na shali. Nimemsikia, masikio ndiyo kitu pekee changu ambacho hakijazeeka. Amekuambia, angekupenda asingekuunguza. Amekuambia, mbona wenzako hakuwaunguza? Amekuambia baba yake alimpenda, na ushahidi ni mgongo wake. Nawe ukacheka naye pale barazani, kicheko ambacho mimi sijakisikia tangu ulipoota meno, na roho iliniuma, acha niseme, nilitaka niinuke kitandani nije nikae katikati yenu.

Hajakudanganya. Ni kweli alipendwa. Basi mchungulie huko nje, yule aliyependwa, anafanya nini? Anasikiliza pumzi zangu. Nikifa kabla ya kukufunga utarithi chungu, lakini aliye wazi hawezi kumfunga mtu, na mkono wa babu yako utakuwa umefika mwisho. Wewe utaanza kuona doa kwenye nguo zako. Utakula usishibe. Siku moja utameza. Na yeye atakuwa amepata mwenzake wa kukaa naye kwenye lile benchi, wawili nyinyi vijana wazuri, huku wajukuu wa ndugu zako wakipita na majeneza. Shali hiyo ni ya kufunikia doa, mwanangu. Anajua rangi ya kuchagua.

Mwokaji, lete majivu. Tumia kijiko, usishike. Mwashi, ninyanyue, niegemeze kifuani kwako, taratibu, mimi si tofali. Kitinda, geuka. Geuka, mama.

Usinitazame hivyo. Geuza hayo macho upande wa ukuta.

Loo. Kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa. Mnauona mkono wangu? Unarudi nyuma wenyewe, sijautuma. Ni mkono wa baba kweli, bibi hakusema uongo. Maisha yangu yote nimemlaumu, na sasa namwelewa, na bado simsamehi. Mchelea mwana... malizieni nyinyi, pumzi haifiki. Semeni. Hulia yeye. Ndiyo. Mpeni ule mkoba auume mkanda, weka meno yako pale penye meno yangu.

Tulia. Tulia. Bado kidogo. Lia, mwanangu, lia tu, mimi sikulia na haikunisaidia kitu. Tayari. Imefunga. Nakuheshimu, na nakupenda, nimesema yote mawili kwa mdomo wangu, mmesikia nyote. Mimi niliambiwa Jiwe na chakula kikaliwa. Chungu ni chako sasa, na mkono ni wako.

Benchi la nje limelia. Amesimama.

Mboni. Umesikia? Mtoto amefungwa. Mkono hautakufa na mimi, kwa hiyo hakuna tena cha kungoja, unaweza kwenda zako, mnara wako upo palepale. Au simama hapo hapo uendelee kumtazama mgongo, kama ulivyoutazama wangu. Nakujua, mdogo wangu. Umenyonya mji mzima, ukajua siri za watu wote, na heshima ya kufungwa hukuipata katika damu ya mtu yeyote. Majivu yamebaki. Bado ni ya moto.

Amefunga mwavuli? Nimesikia umefungwa. Mwashi, weka nyundo chini, ya nini? Futa mstari. Futa kwa mguu, nimesema. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mpisheni apite.

Karibu ndani. Vua shati. Lo, lile doa langu, ningelijua popote. Piga magoti, mimi siwezi kuinama. Usitetemeke, sikuonei huruma hata kidogo.

Kitinda, weka mkono wako juu ya wangu. Wangu umekwisha uzito. Hapo. Bonyeza. Nawe, mama, bonyeza, usiangalie midomo yake.

Mwacheni alie. Msimtulize, asipewe asali. Mwacheni.

Tazameni nywele zake. Tazameni mikono. Sasa amefanana na mdogo wangu. Leo tungepita sokoni, yule muuza vitunguu angesema, hawa ni ndugu.

Sogeeni. Sauti inaniacha. Pembe mvueni shingoni, iwekeni humo ndani ya chungu, na visitenganishwe tena. Atakayepewa kimoja apewe na cha pili. Mwashi, usijenge ukuta kati ya nyumba na tanuri. Mwokaji, mkate wa kwanza wa kila siku uende kwa yule aliyekuudhi jana. Ngazi... ngazi mrudishieni. Muumba awape mikono isiyorudi nyuma, awape wa kuwaambia neno zuri mkiwa bado na meno, na mkioneana wivu, oneaneni uso kwa uso, mchana, mlango ukiwa wazi.

Hatafika mbali, huyu. Kesho, keshokutwa. Mimi natangulia, mimi ndiye mkubwa. Mnilaze pembeni mwa baba, bega kwa bega. Yeye mlazeni upande wangu wa pili. Mnisikie vizuri. Hata akiwaomba. Hata akilia. Baba, halafu mimi, halafu yeye. Mimi katikati.